Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame



Katika Injili ya Dominika hii, ya 22 ya Mwaka C, tumemsikia Bwana wetu akiwa mgeni mezani kwa mmoja wa wakuu wa Mafarisayo. Aliwatazama walioalikwa jinsi walivyokuwa wakijichagulia viti vya mbele, akawafundisha kwamba mtu akialikwa na aende kuketi mahali pa mwisho. Katika mahubiri nilieleza unyenyekevu kama tulivyozoea kuueleza, nanyi mlinisikiliza kwa adabu. Lakini nilipokuwa nikivua mavazi ya ibada baada ya Misa, dhamiri ilinisuta kwamba sikuwaambia ni wapi nilipokionja mimi mwenyewe kiti hicho cha mwisho. Sikukionja kanisani, wala seminarini. Nilikionja katika chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa parokia, jioni ya Jumanne, mbele ya ubao ulioandikwa hesabu za sehemu.

Nitawasimulia habari ya mama mmoja wa kwaya yetu. Haya hakuniambia katika kitubio, naye ameniruhusu kuyaandika kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Mama huyu ana umri wa miaka 38. Alizaliwa Mkoa wa Ruvuma, akaja Unguja akiwa msichana kufanya kazi za nyumbani, akaolewa hapa, na sasa anakaa Fuoni pamoja na mumewe na watoto wao watatu. Kila siku hupanda daladala kuja Mji Mkongwe, ambako anafua na kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni. Skuli aliiacha akiwa Kidato cha Kwanza, baba yake alipofariki na ada ikakosekana. Hayo yalikuwa zamani, kabla ya Serikali kufuta ada katika skuli za sekondari za umma za Bara, Januari 2016. Tamaa yake ni moja, nayo ameibeba kwa miaka mingi bila kumwambia mtu: kuwa mwalimu wa watoto wadogo katika skuli ya maandalizi.

Chuo cha ualimu hudai cheti cha Kidato cha Nne, naye hakuwa nacho. Hata hivyo, kwa mtu wa namna yake njia ipo. Hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambao hupima kiwango cha Kidato cha Pili. Akifaulu, hupata sifa ya kujiandikisha katika mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani hii hufanyika mwishoni mwa mwaka, na ukiacha masomo machache kama Kiswahili, maswali yake huandikwa kwa Kiingereza. Fikirini basi: mtu ambaye mara ya mwisho alishika kalamu ya skuli akiwa na miaka 15, leo anaulizwa habari za aljebra na jiografia kwa lugha ambayo huisikia tu kwa watalii wanaouliza taulo.

Alikuja ofisini kwangu mwanzoni mwa mwaka juzi.

“Tumsifu Yesu Kristo, Baba Padri.”

“Milele, amina. Karibu, mama.”

Akaniambia kwamba amekwisha kujiandikisha, na kwamba anaomba nimsaidie. Nilimsifu. Nikambariki. Nikamwambia amtumaini Mungu na afanye novena kwa Roho Mtakatifu, nikamsindikiza hadi mlangoni. Mazungumzo yetu hayakuzidi dakika kumi. Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, kana kwamba nimetimiza wajibu wa mchungaji.

Novemba ikafika. Siku ya mtihani wa kwanza alifika kwenye kituo mapema, akiwa na kalamu mbili na kitambulisho chake. Uwanja ulikuwa umejaa vijana. Wengine wamevaa sare, na hata wale waliovaa nguo za nyumbani walikuwa na umri wa mwanawe wa kwanza. Kijana mmoja alimsalimia, “Shikamoo, mwalimu,” akidhani ni msimamizi. Mama huyu aliitikia, “Marahaba,” kisha akageuka, akatoka getini, akapanda daladala akarudi Fuoni. Jioni alimwambia mumewe kwamba karatasi ilikuwa ngumu. Siku zilizofuata alitoka nyumbani kila asubuhi kana kwamba anakwenda kwenye mtihani, akawa anakaa Forodhani akitazama bahari mpaka saa za kurudi. Aliubeba uongo huo miezi mitatu, mpaka alipoona mumewe anaulizia matokeo.

Aliponieleza hayo alilia, na mimi nilinyamaza. Ndugu zangu, hapa kwetu Unguja neno mtihani lina maana mbili. Mtu akifiwa, au akiibiwa, au chombo chake kikizama, majirani humwambia, “Pole, huu ni mtihani.” Nikatambua kwamba mama huyu alikuwa na mitihani miwili, na kwamba mimi nilimbariki kwa ule wa karatasi nikamwacha peke yake katika ule wa getini. Ni rahisi kumwambia mtu amtumaini Mungu wakati wewe mwenyewe huna kitu cha kupoteza.

“Baba,” alisema, “dua nimeshaomba. Sasa naomba hisabati.”

Kwa haraka ya kutaka kufidia kosa langu nikamjibu, “Nitakufundisha mwenyewe.”

Nilikuwa na hakika kabisa. Nimesoma falsafa miaka mitatu na teolojia miaka minne. Nimesoma Kilatini na Kigiriki kidogo. Ningeshindwaje na hesabu za Kidato cha Pili? Usiku ule nilitafuta karatasi ya mtihani uliopita nikaketi niiandae. Mara ya mwisho kufanya mtihani wa hisabati ilikuwa mwaka 1997. Nililikumbuka neno MAGAZIJUTO, lile tulilokaririshwa darasani ili tusisahau mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Nililikumbuka kama mtu anavyokumbuka jina la mtaa aliowahi kuishi, ila njia ya kufika haijui tena. Nilipofika kwenye aljebra, mahali herufi x ilipobeba kipeo cha pili, kalamu ikasimama.

Sikumwambia. Nataka mlisome hili vizuri, kwa maana ndilo kiini cha tafakari yangu. Jumanne ya kwanza nilimtumia ujumbe kwamba nina mgonjwa wa kumpa Mpako Mtakatifu. Mgonjwa alikuwapo kweli, lakini ningeweza kumtembelea mchana. Jumanne ya pili nilikuwa na kikao cha Halmashauri ya Walei, kikao ambacho mimi mwenyewe ndiye niliyekipanga siku hiyo. Yeye alikimbilia Forodhani. Mimi nilikimbilia kwenye kazi takatifu. Getini tuligeuka sote wawili, ila langu mimi nililivika stola.

Katika juma hilo nilikuwa nikisoma upya maisha ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, nikakutana na habari niliyoisoma nikiwa seminarini bila kunigusa. Ignasi alikuwa askari. Mwaka 1521 alijeruhiwa kwa mzinga mjini Pamplona, na katika kuuguza mguu wake ndipo alipomgeukia Mungu. Mwaka 1524, alipotambua kwamba hataweza kuwasaidia watu bila elimu, alirudi darasani Barcelona kujifunza Kilatini. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi, akianza na sarufi ambayo wenziwe waliianza utotoni. Sasa angalieni kilichompata. Kila alipoketi kukariri sarufi, moyo wake ulijawa na mawazo matamu ya kiroho, mwanga mpya juu ya mambo ya Mungu, hata akashindwa kukariri. Mtu mwingine angeshukuru. Ignasi alijiuliza kwa nini faraja hizo hazimjii kwa wingi namna hiyo katika sala wala katika Misa, bali wakati wa sarufi tu. Akatambua kwamba ni kishawishi. Akaenda kwa mwalimu wake, akamkiri jambo hilo, akaahidi kuhudhuria masomo kwa miaka miwili bila kukosa, mradi apate mkate na maji ya kumtosha, akamwomba amtendee kama mwanafunzi mwingine yeyote. Kutoka hapo alikwenda Alcalá, kisha mwaka 1528 akafika Paris.

Niliyafunga maandiko hayo nikiwa nimeona haya. Nami nilikuwa na kazi takatifu zilizonijia siku za Jumanne tu.

Mtaani kwetu yupo Maalim mstaafu, Mwislamu mcha Mungu, aliyefundisha hisabati miaka zaidi ya 30. Jioni hukaa barazani na wazee wenziwe wakinywa kahawa. Nilimwendea nikamwamkia, “Shikamoo, Maalim,” nikamweleza shida yangu mbele ya wote, kwa kuwa nilijua nikimwita pembeni nitatafuta maneno ya kujificha. Wazee walicheka, kicheko cha wema. Maalim hakucheka. Alinisimulia kwamba yeye alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 10, mwaka 1965, baada ya Mzee Karume kutangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na kwamba kabla ya hapo alikuwa akichunga ng'ombe wa watu. “Nilikuwa mrefu kuliko dawati,” alisema. “Lete huyo mama, na wewe uje. Lakini mtakaa pamoja.”

Jumanne iliyofuata alikuja ukumbini. Kabla ya kutufundisha neno lolote alitupa karatasi ya mtihani uliopita, mmoja mmoja, akatuwekea saa mbele. Tulipomaliza alisahihisha papo hapo kwa kalamu nyekundu. Mama alipata alama 27 kati ya 100. Padri wake alipata 22.

Mama alinitazama. Nilidhani atavunjika moyo kuona kwamba msaidizi wake hajui kitu. Badala yake alicheka mpaka akatoa machozi, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiishika kalamu bila mkono kutetemeka. Alama zangu mbaya zilimsaidia kuliko baraka yangu ya mwaka uliotangulia.

Ndugu zangu, wapo miongoni mwenu wanaotaka kurudi kwenye masomo. Najua, kwa sababu tangu habari ya darasa letu isambae, wamenijia mmoja mmoja, kwa kawaida jioni, wakisema kwa sauti ya chini. Kwa ajili yao naandika tuliyojifunza kwa Maalim.

La kwanza, anza kwa kujipima. Watu wengi hununua vitabu na kuanza ukurasa wa kwanza, au huanza na yale wanayoyapenda, wakikwepa kujua wamesahau nini. Chukua karatasi ya mtihani uliopita ufanye kabla hujasoma chochote. Alama utakazopata si hukumu. Tunapotafiti dhamiri kabla ya kitubio, hatuongezi dhambi kwa kuzihesabu, zilikuwapo. Ndivyo ilivyo kwa mapengo ya elimu. Maalim aligawa mada zetu mafungu matatu: tunazozijua, tulizozisahau, na ambazo hatujapata kuzisoma. Fungu la pili lilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani, nalo ndilo lililorudi upesi.

La pili, shuka mpaka pale msingi ulipokatika, hata kama ni darasa la watoto. Sisi tulikosea aljebra, lakini Maalim aligundua kwamba kosa letu lilikuwa chini zaidi. Tulipojumlisha theluthi mbili na robo tatu, mama alijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akapata tano juu ya saba. Maalim akamwuliza, “Theluthi mbili ya mkate ni zaidi ya nusu au siyo?” “Ni zaidi.” “Na robo tatu?” “Ni zaidi.” “Basi nusu na nusu zilizozidi zitakuwaje pungufu ya mkate mmoja?” Mama akanyamaza, kisha akasema, “Kumbe.” Tulitafuta kigawe kidogo cha shirika, ambacho ni 12, tukapata 8 na 9, jumla 17 juu ya 12, yaani mkate mmoja na sehemu tano za kumi na mbili. Majuma manne tulikaa kwenye sehemu, mambo ya skuli ya msingi. Baada ya hapo aljebra ilikuja bila vita. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami naongeza kwamba anayekataa kuinama atazunguka kitanda usiku kucha.

La tatu, tenga saa ndogo isiyokatika. Mama huyu hana chumba cha kusomea. Adhana ya Alfajiri kutoka msikiti wa jirani ndiyo iliyokuwa ikimwamsha. Alisoma dakika 40 kabla ya kuwasha jiko. Kiingereza alikisoma kwa daftari la safu mbili, neno la mtihani upande mmoja na maana yake kwa Kiswahili upande wa pili, akilifungua ndani ya daladala. Binti yake wa Kidato cha Pili alimsikiliza akikariri, na nyumba ile ikabadilika: mama na binti wakawa wanafunzi wa darasa moja.

La nne, mwambie ukweli yule unayeishi naye. Hili Maalim hakulifundisha; mama alilitambua mwenyewe. Alimweleza mumewe habari ya Forodhani. Mume alikasirika siku mbili, na siku ya tatu akauliza, “Mwaka huu nikupeleke?” Juma moja kabla ya mtihani walikwenda pamoja kukitazama kituo, wakaomba ruhusa, akaingia chumbani, akaketi kwenye kiti, akainuka. Siku ya mtihani mumewe alisimama getini mpaka kengele ilipolia.

Na la tano, msiwasikilize wanaonong'ona kwamba wanauza majibu. Hao huchukua fedha ya maskini na kumwachia aibu, na mtahiniwa aliyekamatwa na udanganyifu hufutiwa matokeo. Cheti kilichoibiwa hakiwezi kumfundisha mtoto wa mtu.

Mama alifaulu Mtihani wa Maarifa. Hakufaulu kwa alama za kutangazwa. Hisabati alipita kwa shida. Sasa amejiandikisha Kidato cha Nne, na Novemba haiko mbali. Sijui kama atapata alama za kutosha kuingia chuoni, wala yeye hajui. Sitawaambia kwamba sala zetu zimemhakikishia. Ila najua kwamba safari hii hatageuka getini, na hilo kwangu si dogo.

Kwa wengine kati yenu mlango unaweza kuwa tofauti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapa Zanzibar, na kimewapokea watu wengi ambao kazi na familia haziwaruhusu kuketi darasani kila siku. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina historia ndefu ya kuwaandaa watu waliokatiza masomo. Upo pia utaratibu, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, wa kuyapima kwa mtihani maarifa ambayo mtu ameyapata kazini, ili aweze kuomba nafasi chuoni. Ulizeni masharti ya mwaka husika kwenye ofisi zao wenyewe, si barazani. Kuuliza si ujinga.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wetu sisi maparoko, alianza masomo ya upadri akiwa na miaka 20, Kilatini kikamshinda, akaondolewa katika seminari ya Lyon. Padri Balley wa Écully ndiye aliyeketi naye tena, somo kwa somo, mpaka akapewa upadri mwaka 1815. Tunamkumbuka mwanafunzi, mara chache tunamkumbuka yule aliyeketi naye. Ndiyo maana nawaomba ninyi mliosoma: walimu, wahasibu, wauguzi, wanafunzi wa vyuo. Jumanne saa 12 jioni, baada ya Misa, chumba cha nyuma ya ukumbi kiko wazi. Wanafunzi wamefika tisa, wanne wao ni Waislamu. Tunahitaji mtu wa Kiingereza na mtu wa baiolojia. Asiyeweza kufundisha na aje kukaa tu, maana nimejifunza kwamba kuna msaada mkubwa katika kuwa na alama 22 kando ya mwenye 27.

Mimi mwenyewe bado nahudhuria. Juma lililopita Maalim alinisahihishia karatasi nyingine. Nimefika 48. Mama ana 61, naye hachoki kunikumbusha.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeketi hekaluni kati ya walimu ukiwasikiliza na kuwauliza maswali, wasimamie wote wanaorudi darasani wakiwa na mvi. Waondolee haya isiyo na faida, na sisi wachungaji utuondolee haraka ya kubariki bila kuketi. Amina.

Nawatakieni juma lenye heri. Mungu awabariki.